Prado ya dizeli inayovuta tela la jenereta: niongeze rejeta ndogo ya gia boksi, au niache ilivyo?

MwanaTabata

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za leo. Naomba ushauri katika jambo ambalo mafundi watatu wamenipa majibu matatu, na kila mmoja anaapa kwamba wenzake hawajui kazi.

Nina Prado ya mwaka 2008, injini ya 1KD ya dizeli, gia otomatiki ya hatua tano, niliyoiagiza ng'ambo ikiwa imeshatumika. Kazi yake kubwa ni kuvuta tela lenye jenereta la kukodisha kwenye sherehe, na siku nilipolipima mizani, tela pamoja na mafuta na nyaya zake lilikaribia tani moja na nusu. Kwa kawaida nazunguka nalo hapa hapa mjini, Kigamboni, Bunju, mara nyingine Kibaha, na sijawahi kuona tatizo. Mwezi uliopita nikapata kazi Iringa. Tulipoanza kupanda Kitonga mchana wa jua kali nikawa nyuma ya msururu wa malori, tukijikongoja kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka, na katikati ya mlima injini ikaanza kupanda mizunguko bila gari kuongeza mwendo, ikifuatiwa na harufu ya kitu kilichoungua. Nilitafuta mahali pa kuegesha, nikasubiri karibu saa nzima, kisha gari likapanda bila shida yoyote hadi Ilula. Kinachonishangaza ni kwamba mshale wa joto pale kwenye dashibodi haukuondoka katikati hata mara moja.

Niliporudi Dar es Salaam fundi alifungua sampo ya gia boksi (bakuli la oili la chini), na oili iliyotoka ilikuwa ya kahawia iliyokolea, yenye ile ile harufu ya Kitonga. Amebadilisha oili na filta, na gari linatembea vizuri. Fundi wa kwanza anasema niongeze rejeta ndogo ya gia boksi, yaani kipoozeo cha oili, mbele ya kondensa ya kiyoyozi, oili ipite kwanza kwenye rejeta ya gari kisha ipite huko. Wa pili anasema nifunge hiyo ndogo peke yake na kuachana kabisa na njia ya rejeta. Wa tatu anasema nisifunge chochote, kwa kuwa Wajapani waliotengeneza gari hili hawakuwa wajinga. Nimeshaoneshwa moja Gerezani, imetolewa kwenye gari lililochinjwa, bei nzuri. Nifuate lipi?

MzeeSpana

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya gia boksi Temeke kwa miaka mingi kabla magoti hayajanikatalia kuingia chini ya magari, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu kidogo, univumilie.

Tuanze na huo mshale, kwa sababu umewadanganya wengi. Mshale ule unapima joto la maji ya injini peke yake, na gia boksi inaweza kuungua hali maji yako yametulia kabisa. Katika gari la otomatiki hakuna klachi ya kukanyaga kati ya injini na gia boksi. Pana konvata, ambayo ni kama feni mbili zinazotazamana ndani ya oili, moja inazungushwa na injini na kuisukuma oili, nyingine inasukumwa na oili hiyo na kuzungusha gia. Gari likishika mwendo, klachi ndogo iliyomo ndani ya konvata hufunga, feni zote mbili zikazunguka kama kitu kimoja, na joto linalozaliwa likawa dogo. Ukipanda mlima polepole ukiwa na mzigo nyuma, klachi ile hufunguka, feni ya injini ikamwacha mwenzake nyuma, na nguvu yote inayopotea katikati yao inageuka kuwa joto ndani ya oili. Ndiyo sababu kilomita 15 kwa saa pale Kitonga zinachemsha gia boksi kuliko kilomita 80 kwa saa katika tambarare ya Chalinze, jambo ambalo madereva wengi hulifikiria kinyume.

Oili hiyo yenye joto hutoka kwa paipu la chuma, ikaingia katika kipoozeo kidogo kilichofichwa ndani ya tangi la rejeta yako, ikazungukwa na maji, kisha ikarudi gia boksi kwa paipu la pili. Kwa mpango huo oili haiwezi kamwe kutoka pale ikiwa baridi kuliko maji yenyewe, na maji ya injini iliyokwisha kupata moto hayako mbali na nyuzi 80 au 90. Kwa gari lisilovuta kitu mpango huo unatosha kabisa, na hapo fundi wako wa tatu ana haki yake. Wajapani hawakuwa wajinga, ila hawakukuahidi kwamba gari litavuta tani moja na nusu Kitonga mchana wa jua.

Oili ya gia boksi ikikaa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi ina raha. Mafundi tuna kanuni ya kukadiria, kwamba kila nyuzi kumi na kitu zinazoongezeka juu ya hapo hukata maisha ya oili kwa nusu; ikizidi 120 ni ya kuangaliwa kwa karibu, na ikikaribia 150 sili za mpira zinakakamaa na pleti za klachi zinaanza kuungua. Harufu uliyoisikia ni hiyo.

Hata hivyo, usikimbilie dukani. Tafuta kwanza kile kisomaji kidogo kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu, upate programu inayoonesha joto la oili ya gia boksi kwa namba, uvute tela lako kupanda Pugu kuelekea Kisarawe, uone. Bila namba utakuwa unafunga kitu kwa imani. Pili, chungulia mbele ya kondensa, kwa maana baadhi ya magari haya hutoka kiwandani na kipoozeo cha pili kulingana na nchi yaliyokusudiwa kuuzwa, usije ukanunua ulicho nacho. Tatu, tazama nafasi kati ya kondensa na rejeta, ambapo vumbi, manyoya na mabawa ya wadudu hujikusanya mpaka yakawa kama blanketi. Nne ni klachi ya feni: zima injini iliyopata moto, kisha izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka raundi kadhaa kwa ulaini bila kukataa, imechoka, na hiyo ni dawa ya bei ndogo kuliko kipoozeo kipya.

Ile ya Gerezani usiiguse. Simsemi vibaya muuzaji. Watu wa Gerezani na Shauri Moyo wamenilisha mimi na wanangu, na bodi, taa, hata gia boksi nzima nitanunua kwao. Lakini jiulize lile gari lilichinjwa kwa nini. Kama gia boksi yake ilikufa, chembe za chuma na za pleti zimejazana ndani ya vile vijia vyembamba vya kipoozeo, na hakuna petroli wala upepo wa kompresa utakaozitoa zote. Utakuwa umechukua ugonjwa wa maiti na kuuchoma sindano kwenye gari lako. Kipoozeo nunua kipya, na kama mfuko unaruhusu chukua kile cha sahani zilizopangwa tabaka kwa tabaka, badala ya kile cha bomba moja lililokunjwakunjwa lenye mapezi, kwa kuwa kwa ukubwa ule ule kinapoza zaidi.

Kuhusu kupita rejeta au kuiruka, mimi niko na fundi wa kwanza.

BintiKunduchi

Mzee Spana shikamoo. Kwa heshima zote naomba kutofautiana nawe katika hilo la mwisho, kwa sababu limenigharimu gia boksi nzima.

Mimi navuta boti ya faiba kwa tela kutoka Kunduchi hadi Bagamoyo, na pia ninatumia gari la dizeli la otomatiki, lenye umri kama wa huyu ndugu yetu. Asubuhi moja nilifungua kifuniko cha rejeta ili kuongeza maji, nikakuta kitu kizito cha rangi ya waridi, mfano wa aiskrimu ya watoto. Sikuelewa ninachokiona. Nilimpigia fundi, naye alipokuja hakugusa hata spana. Alichovya kidole, akakisugua na dole gumba, akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama gari lilishatembea likiwa hivyo. Lilikuwa limetembea kutoka Bagamoyo usiku uliotangulia. Kile kipoozeo kilichofichwa ndani ya rejeta kilikuwa kimetoboka kwa kutu, oili ikaingia kwenye maji, na baya zaidi, maji yakaingia kwenye oili. Nilielezwa kwamba maji ya rejeta yaliyochanganywa na dawa yakifika ndani ya gia boksi hulegeza gundi inayoshikilia ile karatasi ya msuguano juu ya pleti, zikabanduka kama bango lililolowa mvua. Kusafisha hakukusaidia. Nilinunua gia boksi nyingine.

Tangu siku hiyo oili yangu haipiti kwenye rejeta hata kidogo. Nimefunga kipoozeo kikubwa cha upepo peke yake, na kwa hali ya hewa yetu sioni ninachokosa. Najua wanasema rejeta husaidia kuipasha oili moto asubuhi, lakini hiyo ni hoja ya Makete na Njombe. Dar es Salaam saa kumi na mbili asubuhi mtu tayari anajipepea.

MzeeSpana

Marahaba, binti yangu, na pole sana kwa hasara. Ulilolisema ni kweli tupu, nami nimeshafungua gia boksi kadhaa za namna hiyo. Hoja yako ya baridi pia naikubali. Kwa mtu wa Dar es Salaam kupasha oili si jambo la kupoteza usingizi.

Pamoja na hayo, tafadhali fikiria gari la huyu ndugu likiwa na tela kwenye foleni ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Haliendi, ila linasogea hatua moja na kusimama, na konvata haipati nafasi ya kufunga hata dakika moja. Kipoozeo cha upepo hutegemea upepo, na pale hakuna upepo isipokuwa ule unaovutwa na feni kupitia kondensa ambayo nayo ina joto lake kwa sababu kiyoyozi kinafanya kazi. Maji hunyonya joto vizuri mno kuliko hewa iliyosimama, na pampu ya maji huyazungusha gari likitembea au lisitembee. Kwa hiyo kwenye foleni anayekuokoa ni rejeta, na barabarani au mlimani kwenye upepo anayekuokoa ni kipoozeo cha mbele. Ukimwondoa mmoja umeokoa gari mahali pamoja na kuliacha mahali pengine. Wewe wa Bagamoyo barabara yako ina upepo, ndiyo maana hujaona.

Dawa ya ugonjwa wako ilikuwa kuibadilisha rejeta kabla haijazeeka kiasi cha kutoboka ndani, na kutotia maji ya bomba. Rejeta ya mwaka 2008 ambayo haijawahi kubadilishwa, na ambayo kila fundi wa njiani ameijaza kwa maji ya bombani au ya kisima chenye chumvi, siiamini hata kwa gari lisilovuta kitu. Mwanangu wa Tabata, kama yako ni ile ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani, weka fungu la rejeta mpya kwenye bajeti hii, utie maji yenye dawa inayotakiwa, kisha funga vyote viwili kwa kufuatana: oili itoke gia boksi, ipite rejeta, kisha ipite kipoozeo cha upepo, ndipo irudi. Ukivigeuza, oili iliyopozwa na upepo itakwenda kupashwa upya na maji ya rejeta, na utakuwa umemwaga pesa.

DerevaWaTunduma

Sina la kuongeza katika ufundi, ila Kitonga naijua, kwa kuwa nimeipanda na kuishuka kwa miaka kadhaa nikiwa na magari madogo na makubwa. Ndugu, usiupande mlima ule ukiwa umeacha mkono wa gia kwenye D. Gia boksi itahangaika kupanda na kushuka, nne, tatu, nne, tatu, na kila inapobadili pleti zinateleza na kuongeza joto. Shusha mwenyewe hadi 3 kabla mlima haujaanza, uache nafasi kubwa kati yako na lori, ili likipungua mwendo wewe usilazimike kusimama na kuanza upya. Kwenye kushuka fanya vivyo hivyo, breki zako zitakushukuru.

Jambo jingine ni lile la kuegesha na kuzima. Gari likichemsha gia boksi, weka P na uiache injini ikinguruma taratibu. Pampu ya oili inazungushwa na injini, kwa hiyo ukizima, oili yenye moto inasimama pale pale ilipo na kuendelea kujipika. Mafundi mnisahihishe kama nimekosea.

MzeeSpana

Hujakosea hata kidogo, mkuu.

MwanaTabata

Wakubwa na wenzangu, nimerudi baada ya wiki tatu kama nilivyoahidi kwa ujumbe wa pembeni, na ninawashukuru nyote.

Nilianza kwa kupima. Bila tela, mwendo wa mjini, oili ilikaa kwenye 88 au 90. Nikiwa na tela kupanda Pugu mchana ilifika 117, na foleni ya kurudi ikaishusha taratibu mno. Tulipofungua mbele, kati ya kondensa na rejeta palikuwa na tabaka la uchafu ambalo fundi alilitoa kwa vipande, kama mtu anayechuna ngozi, na ndani yake tukakuta mfuko wa plastiki uliojikunja. Kusafisha peke yake kuliteremsha namba ya Pugu hadi 109. Klachi ya feni ilikuwa nzima. Rejeta ilikuwa ile ile ya kiwandani, hivyo nimenunua mpya, Binti Kunduchi amenitia hofu ya kutosha.

Kazi ya kufunga ilichukua siku moja, na mengi niliyojifunza yako kwenye mambo madogo. Ili kujua paipu lipi linatoka na lipi linarudi, fundi aliwasha injini ikiwa ya baridi akashika yote mawili kwa vidole. Lililopata moto kwanza ndilo linalotoka, na hilo hatukuligusa. Tulilikata lile linalorudi. Fundi alitaka kuuvika mpira juu ya paipu la chuma lililokatwa hivi hivi, nikamwomba kwanza atengeneze mdomo kidogo kwa kifaa cha kupanua paipu, ili mpira ukishapita pale usiweze kuchomoka hata klempu ikilegea. Mpira wenyewe ulituletea ubishi mkubwa zaidi, maana alikuja na ule wa petroli akisema ni ule ule. Nilikataa. Tulizunguka maduka manne Kariakoo mpaka tukapata wenye maandishi ubavuni yanayoonesha ni wa oili ya gia boksi, na bei yake kwa mita ilinifanya nielewe kwa nini yeye alileta ule mwingine.

Kipoozeo kilikuja na vile vijiti vya plastiki vya kuchomeka katikati ya mapezi ya kondensa, nikavitupa, kwa kuwa kwa barabara zetu vitasaga mapezi mpaka vitoboe bomba. Tulitengeneza vishikizo vya chuma bapa vilivyofungwa kwenye fremu, tukaacha nafasi ya kama kidole kimoja kati yake na kondensa, midomo ikiangalia juu ili hewa isinaswe ndani.

Oili ndiyo ilinisumbua. Gia boksi hii haina kijiti cha kupimia. Kuna nati ya chini inayofunguliwa injini ikiwa inanguruma na oili ikiwa katika joto linalotajwa kwenye kitabu cha ufundi, na oili inayozidi humwagika yenyewe. Tuliongeza WS, oili inayotumiwa na gia boksi hii, zaidi ya nusu lita kufidia kipoozeo na mipira. Kisomaji kile kilitusaidia tena hapa, maana bila namba fundi angefungua nati kwa kukisia.

Sasa Pugu na tela, saa ile ile ya mchana, ni 93. Foleni ya Mbagala, hata hivyo, imeshuka kwa nyuzi nne tu, kutoka 104 hadi 100, na hapo nimeelewa Mzee Spana alikuwa anasema nini. Kitonga bado sijairudia. Kuna kazi ya harusi Iringa mwezi ujao.

MzeeSpana

Vizuri sana. Kabla ya harusi hiyo fanya safari moja fupi, kisha lala chini ya gari ukiwa na tochi, uzikaze upya klempu zote nne, kwa sababu mpira mpya ukipata moto mara ya kwanza hukaa na kuacha nafasi. Funga kitambaa cheupe kwenye kila kiungo usiku mmoja. Asubuhi ukikuta doa jekundu, hata dogo kama punje ya mtama, usiondoke nalo. Na ile WS iliyobaki kwenye kopo ibebe garini.

BintiKunduchi

Mzee Spana, nimekwenda kupima yangu kwenye foleni ya Mwenge jana jioni nikiwa na boti nyuma. Ni 113. Nitakuja Temeke Jumamosi, niandalie kiti.